Mtaalamu wa Kubomoa: Alfred Goldberg na Protini za Mwili

Alfred Goldberg, mwanabiolojia wa seli wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, alitumia zaidi ya miaka 50 kuchunguza jambo ambalo wenzake wengi walilipita bila kugeuka: namna seli hai inavyozivunja protini zake yenyewe. Alizaliwa mwaka 1942 katika mji wa Providence, jimbo la Rhode Island, akafariki dunia Aprili 2023. Kazi yake ilianzia kwenye misuli ya panya iliyosinyaa, ikapitia kwa bakteria na damu ya sungura, ikazaa dawa ya saratani ambayo hakuwa akiitafuta. Alichokuwa akikitafuta tangu ujana, yaani njia ya kuizuia misuli isinyauke, ni hadithi nyingine.

Protini ndizo zinazofanya karibu kila kazi ya seli. Himoglobini hubeba oksijeni, insulini hutuma ujumbe, miosini na aktini hukaza misuli, vimeng'enya husukuma kemia yote ya mwili. Kila moja ni mnyororo wa asidi amino za aina 20, uliokunjwa kwa umbo maalumu. Mtu mzima wa kawaida hubomoa na kujenga upya protini zipatazo gramu 300 kwa siku, ilhali katika chakula hupata gramu 70 au 80 tu. Tofauti hiyo hutoka ndani: asidi amino za protini iliyovunjwa ndizo zinazounganishwa tena kutengeneza nyingine, kama fundi afumuaye sweta kuukuu ili apate uzi wa kufumia jipya.

Hadi miaka ya 1930 hakuna aliyeyajua hayo. Waganga waliamini kwamba mwili wa mtu mzima umekwisha kujengwa, na kwamba nyama na maharage anayokula huchomwa tu kama kuni. Aliyeipindua imani hiyo ni Rudolf Schoenheimer, mwanakemia wa Kiyahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler na kupata kazi katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Aliwalisha panya asidi amino zilizotiwa naitrojeni nzito, akitazamia kuikuta naitrojeni hiyo kwenye mkojo. Sehemu kubwa yake aliikuta imekwisha kuingia katika protini za miili ya panya wale, na uzito wao haukuwa umeongezeka. Maana yake ni kwamba protini za zamani zilikuwa zimetolewa kuzipisha mpya. Schoenheimer alikufa mwaka 1941, na kitabu chake kuhusu mwili usiotulia kikatoka mwaka uliofuata.

Ugunduzi huo ulistahili kuwasha moto, lakini ulisahauliwa upesi. Mwaka 1953 umbo la DNA lilijulikana, zikafuata ribosomu na msimbo wa jeni, na biolojia nzima ikawa biolojia ya ujenzi. Kuhusu ubomoaji, jibu lilionekana limepatikana mwaka 1955, pale Christian de Duve wa Ubelgiji alipogundua lisosomu, kifuko kidogo ndani ya seli kilichojaa vimeng'enya vikali. Watu wakahitimisha kwamba protini iliyochoka huingia humo ikayeyushwa, kwisha habari.

Mambo mawili, hata hivyo, hayakupatana na jibu hilo. La kwanza ni kwamba protini hazina umri mmoja. Himoglobini hudumu muda wote wa uhai wa seli nyekundu ya damu, siku zipatazo 120, ilhali kuna vimeng'enya vya ini ambavyo havimalizi hata saa moja. Kifuko kinachomeza kila kitu kwa pamoja kisingeweza kuchagua hivyo. La pili ni la nishati. Mwaka 1953 Melvin Simpson alionyesha kwamba vipande vya ini vikinyimwa nishati huacha kuvunja protini. Hilo ni ajabu, kwa sababu kukata mnyororo wa asidi amino hakugharimu chochote kikemia. Tumbo humeng'enya nyama bila kutumia nishati ya seli. Kwa nini basi seli ilipie kitu ambacho ingekipata bure? Swali hilo lilikaa zaidi ya miaka 20 bila mwenye kulishughulikia kwa dhati.

Goldberg alilifikia kwa njia ya kando. Baada ya shahada ya kwanza pale Harvard na kipindi cha masomo Cambridge, Uingereza, alianza udaktari wa binadamu, kisha akauacha akaingia katika fiziolojia na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1968. Alichokuwa akikichunguza ni misuli: kwa nini hukua ikifanyishwa kazi na kwa nini husinyaa ikiachwa. Mguu uliofungwa plasta (POP) kwa wiki sita hutoka ukiwa mwembamba kuliko mwenzake, na kila mtu aliyepata kuvunjika anajua. Maelezo ya wakati ule yalikuwa mepesi: msuli usiotumika hauna sababu ya kujijenga, basi hupungua wenyewe.

Katika majaribio yake na panya, neva inayoamrisha msuli ilikatwa, na asidi amino zenye mnururisho zikatumika kufuatilia protini zinazoingia na zinazotoka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1969 yalionyesha kuwa msuli uliokatiwa neva huongeza kasi ya kuvunja protini zake, na kwamba kotisoni, homoni ya nyakati za dhiki, nayo huchochea uvunjaji huo. Kusinyaa kwa msuli, kwa maneno mengine, ni kazi ambayo seli inaifanya kwa amri. Na kinachofanywa kwa amri kina kinachoiamrisha, kina vyombo vyake, na huenda kikazuilika. Kazi yote iliyofuata ya Goldberg ilichipuka hapo.

Mwili una sababu nzuri ya kutoa amri hiyo. Mtu akikosa chakula kwa siku kadhaa, ubongo wake bado unadai sukari, na akiba ya ini huisha ndani ya takriban siku moja. Msuli ndio ghala linalofunguliwa: protini zake huvunjwa, asidi amino husafirishwa hadi ini, na ini huzigeuza sukari. Kwa mwenye njaa ya muda mfupi huo ni wokovu. Kwa mgonjwa wa saratani, wa figo zilizoshindwa kazi, wa kisukari kisichodhibitiwa au wa maambukizi ya muda mrefu, ghala hilohilo huendelea kuporwa hata chakula kikiwapo mezani. Wakazi wa Afrika Mashariki waliishuhudia sura hii kwa ukatili mkubwa katika miaka ya 1980. Wilayani Rakai, Uganda, ugonjwa mpya uliitwa na wananchi "Slim" kwa jinsi ulivyowakondesha watu, na makala ya madaktari iliyotoka mwaka 1985 katika jarida la Lancet iliubeba kwa jina hilo; ndio UKIMWI.

Ili kuvijua vyombo vya ubomoaji, Goldberg aliiacha misuli kwa muda akashika bakteria, kiumbe kisicho na lisosomu. Mwaka 1972 alionyesha kwamba bakteria aina ya E. coli akitengenezeshwa protini mbovu, zenye asidi amino bandia au zilizokatika kabla ya kukamilika, huzitambua na kuzivunja haraka, huku protini nzima zikiachwa. Wazo lililojitokeza lilikuwa zito: ubomoaji ni ukaguzi wa ubora. Seli hutengeneza makosa kila dakika, na protini iliyokunjika vibaya si takataka tulivu. Hugandana na wenzake na kuua seli. Kwa hiyo kuna mlinzi.

Jaribio lililobadilisha uwanja lilifuata mwaka 1977, likifanywa na Goldberg pamoja na Joseph Etlinger. Walitumia seli nyekundu changa za sungura. Chaguo hilo lilikuwa la werevu, kwa sababu seli nyekundu katika hatua hiyo huwa imekwisha kupoteza kiini pamoja na lisosomu zake, ilhali bado ina ribosomu za kutosha kutengeneza himoglobini. Seli hizo zilipewa asidi amino bandia, nazo zikaunda himoglobini yenye kasoro. Kisha zikapasuliwa, na mchanganyiko ukazungushwa kwa mashine hadi uchafu mzito ukatuama chini na majimaji safi yakabaki juu. Ndani ya majimaji hayo, bila kifuko chochote, protini mbovu ziliendelea kuvunjwa, ilimradi ATP imeongezwa. ATP ni molekuli inayobeba nishati katika kila seli. Ikiondolewa, kazi inasimama; ikirudishwa, kazi inaanza tena.

Kwa mara ya kwanza fumbo la Simpson lilikuwa ndani ya neli ya maabara, mahali ambapo mwanakemia angeweza kulitenganisha kipande kwa kipande. Waliowahi kufanya hivyo hawakuwa kina Goldberg pale Harvard. Walikuwa Haifa, Israel, katika taasisi ya Technion: Avram Hershko na mwanafunzi wake Aaron Ciechanover, wakishirikiana na Irwin Rose wa Philadelphia. Wakitumia majimaji ya seli hizohizo za sungura, waligawa mchanganyiko katika sehemu mbili, wakakuta kila moja peke yake haifanyi kitu na zikiunganishwa kazi inarejea. Katika sehemu mojawapo kulikuwa na protini ndogo yenye asidi amino 76 isiyokufa hata ikichemshwa. Baadaye ikatambuliwa kuwa ni yubikwitini, ambayo ilikwisha kujulikana kwa jina bila kujulikana kazi yake. Mwaka 1980 walieleza mfumo wenyewe: yubikwitini hubandikwa kwenye protini inayotakiwa kufa, moja juu ya nyingine, na mnyororo huo ndio hati ya hukumu. Sehemu ya nishati hulipwa hapo, kwenye kubandika na kuchagua.

Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2004 ilikwenda kwa hao watatu. Goldberg hakuwamo. Wapo waliolalamika kwa niaba yake, lakini kwa haki lazima isemwe kwamba aliyefungua mlango na aliyeingia ndani akakuta hazina si lazima wawe mtu mmoja, na kwamba kanuni za tuzo hiyo haziruhusu zaidi ya watu watatu.

Bado ilibaki kujulikana hukumu inatekelezwa wapi. Katika miaka ya 1980 maabara kadhaa zilikuwa zimekumbana na chembe kubwa ya ajabu ndani ya seli, kila moja ikiipa jina lake. Mwaka 1988 Goldberg, Keiji Tanaka wa Japani na wenzao walionyesha kuwa chembe hiyo ni kimeng'enya cha kuvunja protini, wakaiita proteasomu, na jina likashika. Kiini chake ni mrija mnene uliojengwa kwa vipande 28, vikiwa vimepangwa katika pete nne za vipande saba saba. Visu vimefichwa ndani, na kwenye miisho kuna vifuniko vinavyosoma yubikwitini, kuing'oa, kuikunjua protini na kuisukuma ndani ya tundu jembamba. Hapo nishati hulipwa kwa mara nyingine. Upande wa pili hutoka vipande vifupi, vingi vikiwa na asidi amino zisizofika kumi. Ustadi wake ni huo uficho: vimeng'enya hivyo vingekuwa huru ndani ya seli, vingeila seli yenyewe.

Vipande vidogo vinavyotoka navyo vina kazi. Mwaka 1994 Goldberg na mtaalamu wa kinga Kenneth Rock walionyesha kwamba baadhi yake hupandishwa juu ya ngozi ya seli na kuonyeshwa kwa mfumo wa kinga. Seli iliyovamiwa na virusi hutoa kwa njia hiyo vipande vya protini za kirusi, na askari wa mwili huitambua na kuiua. Kwa hiyo ubomoaji ndio unaoupa mfumo wa kinga habari za kinachoendelea ndani ya seli.

Mwaka uliotangulia, 1993, Goldberg na wenzake kadhaa wa Harvard walikuwa wameanzisha kampuni ndogo mjini Cambridge, Massachusetts. Waliiita MyoGenics, na kiambishi cha mwanzo kinataja misuli. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleza: kama misuli ya wagonjwa huliwa na proteasomu, basi kemikali itakayoziba proteasomu itaiokoa. Wanakemia wao walitengeneza vizuizi kadhaa. Kimoja, MG132, kilienea katika maabara za dunia nzima, kwa kuwa mtafiti aliyetaka kujua kama protini yake huvunjwa na proteasomu alihitaji tu kukiongeza na kutazama kama protini inajikusanya. Makala zilizokitumia hazihesabiki kwa urahisi.

Kama dawa ya misuli, wazo hilo lilikuwa na kasoro ya msingi. Proteasomu imo katika kila seli, na kila seli inaihitaji. Kuiziba kwa miezi mfululizo ili kulinda misuli ni sawa na kumuua mgonjwa kwa taratibu. Lakini kilichokuwa kasoro kwa misuli kilionekana faida kwa uvimbe wa saratani, na kampuni, ambayo baadaye ilibadili jina kuwa ProScript, iligeuza mwelekeo. Mwanakemia Julian Adams aliongoza utengenezaji wa kiwanja chenye boroni kilichoitwa PS-341. Hatimaye kikapewa jina la bortezomibu, na sokoni kikauzwa kama Velcade.

Saratani iliyoitikia vizuri zaidi ni mayeloma, saratani ya seli za plazma ndani ya uboho. Sababu inaeleweka kwa aliyefuata maelezo ya ukaguzi wa ubora. Kazi ya seli ya plazma ni kutengeneza kingamwili, na iliyogeuka saratani huzitengeneza kwa wingi kupita kiasi, usiku na mchana, zikiwamo nyingi zilizokunjika vibaya. Seli ya namna hiyo huishi ukingoni. Proteasomu zake zikizibwa hata kwa saa chache, protini mbovu hurundikana na seli hujiua, wakati seli za kawaida zinavumilia na kurudi katika hali yake. Katika majaribio ya awali alikuwapo mgonjwa wa mayeloma ambaye saratani yake ilitoweka kabisa kwenye vipimo, na hilo liliwapa watafiti moyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha bortezomibu Mei 2003, miaka kumi baada ya kampuni kuanzishwa.

Dawa hiyo haiponyi mayeloma. Huirefusha miaka ya mgonjwa, hasa ikichanganywa na nyingine, na madhara yake yanayojulikana sana ni ganzi na maumivu ya miguu na mikono. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu, hatua inayozipa serikali hoja ya kuinunua. Bei na uhaba wa vipimo vya kuigundua mayeloma mapema ndivyo vinavyoamua kama mgonjwa wa Mwanza au Kisumu ataipata. Vizuizi vingine vya proteasomu vimefuata, kimojawapo, iksazomibu, kikiwa cha kumeza.

Magonjwa yanayotokana na ubomoaji uliokwenda kombo ni mengi, na moja lina uzito wa pekee Afrika Mashariki. Virusi vya papiloma vya aina ya 16 na 18, vinavyosababisha sehemu kubwa ya saratani za mlango wa kizazi, vina protini iitwayo E6. Ndani ya seli kuna mlinzi mwingine, p53, anayezuia seli yenye DNA iliyoharibika isigawanyike. E6 huiteka mashine ya kubandika yubikwitini na kuielekeza kwa p53. Mlinzi hubandikwa hati ya kifo na kupelekwa kwenye proteasomu na seli yake mwenyewe, na njia ya saratani inakuwa wazi. Utafiti ulioonyesha hivyo mwaka 1990 haukuwa wa Goldberg, ila ulisimama juu ya msingi aliosaidia kuujenga. Chanjo dhidi ya virusi hivyo ilianza kutolewa nchi nzima Rwanda mwaka 2011, Tanzania 2018 na Kenya 2019.

Upande wa vimelea nako kuna habari. Vimelea vinavyosababisha malale na kalaazar navyo vina proteasomu, yenye tofauti ndogo na ya binadamu. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kemikali inayoziba proteasomu ya vimelea hivyo bila kuigusa ya mgonjwa, ikawaponya panya walioambukizwa. Dawa za ukoo huo zinaendelea kujaribiwa, na kwa watu wa Turkana au Baringo nchini Kenya, ambako kalaazar ingali ikiua, zina maana zaidi kuliko bortezomibu.

Goldberg mwenyewe alirudi kwenye misuli. Mwaka 2001 maabara yake ilitangaza jeni iliyoitwa atrogini-1, inayowaka kwa nguvu wakati msuli unapokonda, iwe sababu ni njaa, saratani, kisukari au figo. Wakati huohuo watafiti wa kampuni moja ya Marekani waliikuta jeni hiyohiyo na ndugu yake, MuRF1, na wakaonyesha kwamba panya wasio na mojawapo ya jeni hizo hupoteza msuli kidogo kuliko wenzao. Zote mbili hutengeneza protini zinazochagua nani abandikwe yubikwitini. Mwaka 2004 ikajulikana anayeziwasha: protini iitwayo FoxO, ambayo insulini huifungia nje ya kiini cha seli. Insulini ikipungua, FoxO huingia na kutoa amri. Swali la mwaka 1969 lilikuwa limepata jibu, baada ya miaka 35.

Katika miaka yake ya mwisho aliuliza swali kinyume. Katika maradhi ya ubongo kama Alzheimer na Parkinson, protini mbovu hujikusanya kwa sababu ubomoaji umelegea. Je, proteasomu inaweza kuongezwa kasi badala ya kuzibwa? Mwaka 2015 kundi lake lilionyesha kuwa kuna ishara ya kawaida ya homoni inayoinua utendaji wa proteasomu kwa kubadilisha kipande kimoja cha kifuniko chake. Mwaka 2019 likaongeza kwamba mazoezi mazito ya baiskeli huleta badiliko hilo katika misuli ya watu, na kufunga kula huleta vivyo hivyo katika ini la panya. Kwa panya wenye protini mbovu za ubongo, kuchochea njia hiyo kulipunguza mrundikano. Kwa binadamu, majaribio ya kutosha hayajafanyika.

Kuhusu dawa ya kuzuia atrogini-1 au MuRF1 ndani ya misuli ya mgonjwa, hakuna iliyoidhinishwa popote. Japani iliruhusu mwaka 2021 dawa ya kuongeza hamu ya kula kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani wanaokonda, nayo hufanya kazi kwa njia tofauti kabisa. Kwa mgonjwa aliyelala kitandani, kinachojulikana kupunguza kasi ya uvunjaji bado ni kutibu ugonjwa wenyewe, kumlisha protini ya kutosha na kumsimamisha atembee mapema kadiri hali yake inavyoruhusu.